Kipanya Ukutani, Popeye Kwenye Salfeti

Anayetaka picha kubwa ya katuni kule Chanzuru, wilayani Kilosa, hahangaiki kutafuta mashine ya kuchapa mabango. Anachukua salfeti tupu, anafumua mshono, anaifua, anaianika, kisha anaipiga miraba kwa penseli na rula. Ile picha ndogo anayoikuza, iliyo kwenye daftari la mtoto, nayo anaipiga miraba idadi ileile. Halafu kazi inakwenda mraba kwa mraba: sikio linaanzia wapi, pua inakata mstari gani, mkia unaishia kwenye mraba wa ngapi. Makapeni nyeusi inamalizia. Walimu wa darasa la awali wanaijua njia hii vizuri, maana salfeti haichaniki kama manila, na paa likivuja mchoro haugeuki ujiuji. Kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vinavyopatikana ni sehemu ya mafunzo ya ualimu, na Chuo cha Ualimu Ilonga kiko jirani tu.

Mkono ukishazoea, panya anatokea mwenyewe. Swali linakuja baadaye, pengine mtu akipita na kuuliza kwa utani: huyo panya si wa mchora katuni Masoud Kipanya? Umeomba ruhusa?

Mtaani kuna majibu mawili. Wapo wanaosema kilichochorwa kwa mkono ni cha aliyechora, kwa sababu kopi ni ile ya mashine ya steshenari. Wapo pia wanaotisha watu kwamba kuiga katuni yoyote, hata kwenye daftari, ni kosa la jinai. Yote mawili hayafai kumwongoza mchoraji. La kwanza litampeleka pabaya siku biashara yake itakapokua. La pili litamnyima mtoto wake furaha ambayo sheria yenyewe haikumnyima.

Sheria inayohusika Tanzania Bara ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA. Mchoro ni kazi ya sanaa, na unalindwa tangu unapochorwa, uwe umesajiliwa au haujasajiliwa. Usajili COSOTA ni wa hiari. Faida yake ni ushahidi, pale watu wawili wanapogombania kazi moja. Wa nje nao wamo. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, kwa hiyo katuni ya Mjapani au Mmarekani inalindwa hapa kama ya Mtanzania.

Kunakili, kwa macho ya sheria, ni kunakili tu. Penseli, kamera, mashine ya kudurufu, sindano ya kutarizi, vyote ni vyombo. Mtoto anayewasha simu, akalaza karatasi juu ya kioo na kufuatisha mistari kwa kalamu, amenakili. Anayekariri sura ya katuni na kuichora bila kutazama, ikatoka ileile, naye amenakili. Jambo hili liliamuliwa zamani katika kesi ambayo wanasheria wa nchi zenye mfumo wa Kiingereza bado wanaisoma. Kampuni ya Kleeman iliingiza Uingereza midoli na bizimu za Popeye, yule baharia wa kiko na misuli, bila idhini ya King Features waliokuwa na haki zake. Mwaka 1941 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, iliamua kwamba mdoli unaotambulika kuwa ni Popeye unakiuka haki ya michoro, hata kama aliyeutengeneza hakuweka ukurasa fulani wa gazeti mbele yake. Karatasi ilikuwa imegeuka mdoli, na bado ilihesabika kuwa nakala.

Na zile hesabu za mtaani, kwamba ukibadilisha asilimia thelathini mchoro unakuwa wako, hazimo kwenye sheria. Kumvisha Spider-Man shati la Yanga hakumfanyi kuwa mtu mwingine.

Ahueni iko kwenye kifungu cha 12 cha sheria hiyo ya 1999. Kinaruhusu kazi iliyokwisha kuchapishwa kihalali inakiliwe, itafsiriwe au igeuzwe bila kuomba ruhusa na bila kulipa, mradi iwe kwa matumizi binafsi ya huyo anayenakili. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, ina maneno yanayofanana sana na hayo. Kenya nayo inaruhusu matumizi binafsi, ila inataka chanzo kitajwe. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Mchoraji aliyehamia Unguja asidhani karatasi za COSOTA zinapanda boti pamoja naye.

Kwa hiyo mzazi wa Chanzuru anayemchora Kipanya kwenye ukuta wa chumba cha mwanawe, kijana anayejaza daftari zima kwa wapiganaji wa katuni za Kijapani ili mkono uzoee, msichana anayetarizi sura ya Elsa wa filamu za katuni kwenye foronya atakayoilalia mwenyewe, wote wako salama. Hakuna haja ya barua, hakuna haja ya woga. Kujifunza kuchora kwa kuiga ni njia ya zamani kuliko sheria zote hizi.

Pagumu kidogo ni kwenye zawadi. Sheria inazungumzia matumizi binafsi ya mtumiaji mwenyewe, na kadi ya shangazi kwa mpwa wake inatoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mwanasheria mwenye nafasi anaweza kulibishania jambo hilo mchana kutwa. Hakuna mwenye katuni atakayefunga safari hadi Kilosa kwa ajili ya kadi moja ya kuzaliwa, na makala haya hayamshauri shangazi aache. Aandike tu pembeni katuni ni ya nani. Kadi mia moja za kugawa kwenye harusi ni habari nyingine, hata kama hazikuuzwa, kwa sababu sheria haiulizi pesa peke yake. Inauliza kazi imekwenda wapi.

Hapo ndipo simu inapowaponza wengi. Mchoro ulioning'inia chumbani unapigwa picha, unawekwa kwenye ukurasa wa Instagram wenye wafuasi elfu kadhaa, na chini yake kumeandikwa "karibuni kwa oda". Matumizi binafsi yameishia hapo. Kuonyesha mchoro wa mazoezi kwenye kundi la ndugu si sawa na kuufanya tangazo la kazi, na mchoraji mwenye busara anatenganisha kurasa: michoro ya kuiga abaki nayo, na pale anapotafuta wateja aweke ya kwake.

Kisa kinachofaa kukumbukwa na kila mwenye shule ya chekechea ni cha mji wa Hallandale, jimbo la Florida, mwaka 1989. Vituo vitatu vya kulelea watoto vilikuwa vimechora kwenye kuta zake za nje Mickey Mouse, Minnie, Donald Duck na Goofy, wakubwa kiasi cha kuonekana na wapita njia. Havikuuza picha wala fulana. Kampuni ya Disney ilivitaka vifute. Watu wengi waliona ni uonevu, magazeti yakaandika, na wapinzani wa Disney wakaona nafasi: Universal na Hanna-Barbera walitoa wahusika wao, kina Scooby-Doo na Yogi Bear, wakachorwa mahali pa Mickey kwa ruhusa. Ukuta wenyewe haukuwa na shida. Tofauti ilikuwa ruhusa.

Kuta kama hizo zimejaa nchini. Shule nyingi za awali za binafsi, mijini na vijijini, zimepambwa Mickey na Tom na Jerry kwenye geti, na fundi aliyezichora amelipwa. Uzio wa shule inayotafuta wanafunzi ni tangazo la biashara, na hakuna namna ya kuuita matumizi binafsi. Salfeti ya mwalimu iko upande mwingine. Sheria inaruhusu kazi ya mtu itumike kama kielelezo katika kufundisha, kwa kiasi kinachohitajika na kwa kutaja chanzo na jina la mtunzi. Mwalimu anayechora panya watano ili watoto wahesabu mikia ana hoja ya kusimamia. Akiandika kwa herufi ndogo kwenye pindo la salfeti, "Kipanya, mchoro asilia wa Masoud Kipanya", hoja inazidi kuwa na nguvu, na watoto wanajifunza mapema kwamba katuni ina mtu aliyeifikiria.

Keki nazo ni biashara inayoguswa na suala hili. Mwokaji wa Kilosa mjini au Mikumi anapokea oda kwa WhatsApp: keki ya kilo mbili, juu awepo Elsa. Anamchora kwa krimu, tena vizuri. Ameuza nakala. Vivyo hivyo fundi rangi anayemchora shujaa wa sinema ubavuni mwa bajaji, kinyozi anayelipia bango lenye katuni, fundi cherehani anayebandika sura ya Mickey kwenye sare za chekechea. Kwamba hajawahi kukamatwa mtu mtaani hakubadilishi sheria. Kunamaanisha tu kwamba mwenye mali yuko mbali au hajaona. Kadiri biashara inavyopanuka, ndivyo inavyoonekana, na bidhaa zenye alama za kampuni ya mtu zinaweza kuangukia pia mikononi mwa Tume ya Ushindani, inayopambana na bidhaa bandia.

Zipo katuni ambazo muda wake umekwisha. Hesabu ya Tanzania ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Elzie Segar, aliyemchora Popeye kwa mara ya kwanza mwaka 1929, alifariki mwaka 1938. Michoro yake mwenyewe imeshavuka muda huo kwa mbali. Hergé wa Tintin alifariki mwaka 1983, kwa hiyo hapa nchini asubiriwe hadi mwisho wa 2033, na Ubelgiji, wanakohesabu miaka 70, hadi mwisho wa 2053. Anayechonga Tintin wa mti mwaka 2034 na kumuuza Mikumi atakuwa sawa. Akimtuma kwa posta Brussels, hapana.

Mfano wa karibu zaidi ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao, na akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka 50 ilitimia mwaka 2022. Michoro aliyoichora yeye kwa mkono wake sasa inaweza kunakiliwa Tanzania bila kuvunja haki ya kiuchumi ya mtu. Ya wanafunzi wake na ya wachoraji wa leo pale Oysterbay haijafika huko. Wengi huvichanganya vitu viwili hapa: mtindo na mchoro. Nukta nukta, rangi zinazong'aa, chui mwenye macho makubwa, huo ni mtindo, na mtindo hauna mwenyewe. Mwonekano uleule ulitumika pia katika filamu za watoto za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Mchoraji wa Kilosa naye anaweza kuchora kwa mtindo wa Tingatinga apendavyo. Asichukue tu mchoro mahususi wa mchoraji aliye hai na kuuhamisha mraba kwa mraba ili auuze.

Mickey Mouse anahitaji uangalifu wa peke yake. Mwaka 2024 filamu ya Steamboat Willie ya mwaka 1928 iliingia kwenye mali ya umma huko Marekani, na habari zikasambaa kwamba "Mickey ni bure". Aliyeachiwa mwaka huo ni yule wa zamani, mweusi na mweupe, asiye na glavu. Mickey wa kisasa mwenye rangi hakuachiwa, na Disney bado wanamtumia kama alama ya biashara.

Alama ya biashara ni ulinzi wa aina nyingine kabisa, na ndiyo inayowakwaza waliodhani wameshahesabu miaka vizuri. Tanzania Bara alama husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), kwa miaka 7 ya kwanza, kisha inahuishwa kila miaka 10. Mwenye alama akilipa ada kila zamu, haina siku ya mwisho. Kazi yake ni kuzuia mnunuzi asidanganyike kuhusu bidhaa inatoka kwa nani, kwa hiyo mchoro wa chumbani hauigusi, bali fulana ya dukani huigusa. Waswahili waliupata mfano wake kwa uchungu pale ilipofahamika kwamba Disney waliomba mwaka 1994, na kupewa mwaka 2003, usajili wa maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya fulana huko Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2018 mwanaharakati Shelton Mpala, mwenye asili ya Zimbabwe, alianzisha ombi mtandaoni la kupinga, likapata sahihi zaidi ya 100,000. Usajili wa Marekani haumzuii fundi wa Mikumi kuandika maneno hayo kwenye fulana anazouza hapa. Akimchora chini yake Simba wa filamu ya The Lion King, hapo amevuka, na hilo ni suala la mchoro wenyewe.

Si lazima aende mbali hivyo kutafuta simba. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko wilayani humohumo, barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata katikati, na nyati na twiga wa mbuga ya Mkata huonekana hata kutoka dirishani mwa basi. Mnyama hana hakimiliki. Picha aliyopigwa na mpigapicha inayo, kwa hiyo afadhali kuchora kutokana na macho, au kutokana na picha kadhaa zilizochanganywa, kuliko kuihamisha picha moja ya mtu kama ilivyo. Mgeni anayetoka hifadhini, kwa maoni ya mwandishi huyu, hana sababu ya kununua Simba wa Disney aliyechorwa Mikumi wakati anaweza kumpata kwao dukani. Anachotaka ni simba aliyemwona asubuhi.

Sungura na Fisi wa hadithi za bibi nao wako wazi kwa kila mtu nyumbani na shuleni. Anayetaka kuzigeuza hadithi za jadi kuwa bidhaa aulizie kwanza Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), kwa kuwa sheria ya 1999 imeweka matumizi ya kibiashara ya sanaa za jadi chini ya uangalizi wake. Na asisahau kwamba Sungura wa kitabu cha hadithi kilichochapishwa, mwenye kofia na suruali ya viraka, amechorwa na mtu. Hadithi ni ya wote. Ile suruali ina mwenyewe.

Kuomba ruhusa ndiyo hatua inayoogopwa kuliko inavyostahili. Kumfikia mwenye katuni Hollywood ni kazi, lakini wahusika wengi wanaopendwa nchini wana wenyewe wanaofikika. Kipanya ana mchoraji anayejulikana, aliye hai, mtangazaji, mtu ambaye mwaka 2022 alionyesha hata gari la umeme alilolibuni. Akili wa Akili and Me, na kina Kibena wa Ubongo Kids, iliyotua kwenye televisheni mwaka 2014, ni wa taasisi ya Ubongo iliyoko Dar es Salaam, ambayo lengo lake ni elimu ya watoto. Shule inayotaka kumchora Akili kwenye uzio haina cha kupoteza kwa kuuliza.

Kwa wahusika wa zamani, kama Chakubanga wa gazeti la Uhuru, au Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge wa jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walioliasisi, ni vizuri kuuliza kwanza haki ziko kwa nani. Kazi iliyochorwa katika ajira kwa kawaida haki zake za kiuchumi huwa za mwajiri, na mtunzi akifariki haki zake huenda kwa warithi. Ruhusa ya mtoto mmoja wa marehemu isichukuliwe kuwa ya familia nzima. COSOTA wanaweza kusaidia kumtambua mwenye kazi iliyosajiliwa.

Barua yenyewe iwe fupi na yenye mambo: nani anaomba, yuko wapi, anataka kumchora mhusika yupi, kwenye kitu gani, nakala ngapi, kwa muda gani, na kama kuna pesa, kiasi gani kitaenda kwa mwenye katuni. Iambatane na picha ya mchoro uliokusudiwa. Jibu likija liwe la maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na lihifadhiwe. Kimya si ruhusa. Ikitokea barua ya upande wa pili, ile ya mwenye kazi akilalamika, dawa ni kusimamisha mauzo siku hiyohiyo, kutofuta ushahidi, na kujibu kwa adabu kabla ya kutafuta maneno ya kujitetea. Malalamiko mengi ya watu wadogo yanaweza kuishia hapo.

Na mwokaji wa keki asikate tamaa na oda zake. Mteja anayeng'ang'ania Spider-Man aombwe anunue mwenyewe mdoli halisi wa plastiki na kuuleta. Mwokaji atengeneze keki yenye rangi nyekundu na buluu na majengo ya mji kwa krimu, asichore uso wala utando wa buibui, kisha mdoli usimamishwe katikati. Amuuzie mteja keki, na kwenye risiti aandike keki tu. Sherehe ikiisha mtoto anaondoka na mdoli wake, na bei ya keki inaweza hata kupungua, maana kilichokuwa kinakula muda ni kule kuchora uso.